Tangazo likiiga jaribio la saikolojia, mtafiti atajwe?

Mleta mada, Ganjoni
Mwaka 2008 mamlaka ya usafiri ya London ilitoa tangazo: timu mbili zinapigiana pasi, nawe unaambiwa uhesabu pasi za waliovaa nyeupe. Jibu ni 13. Kisha unaulizwa, umemwona dubu aliyepita katikati akicheza kinyumenyume? Wengi hawakumwona, na ujumbe ni kwamba madereva wawe macho na waendesha baiskeli. Mbinu hiyo ni ya wanasaikolojia Daniel Simons na Christopher Chabris, waliochapisha jaribio lao mwaka 1999 wakitumia mtu aliyevaa vazi la sokwe. Kwenye filamu ya tangazo majina yao hayamo. Tuseme sisi Mombasa tunatengeneza kama hilo kuhusu bodaboda, tuwataje?

Mtayarishaji wa video, Nyali
Mimi nasema si lazima. Simons na Chabris nao walijenga juu ya Ulric Neisser, ambaye miaka ya 1970 alimpitisha mwanamke mwenye mwavuli katikati ya wachezaji. Utamtaja nani, umwache nani? Na sekunde 30 hazitoshi hata kwa ujumbe wa mteja.

Mwalimu wa saikolojia, Tudor
Ndugu yangu, mfano huo unakugeukia. Neisser alitajwa waziwazi katika makala yao ya 1999, ndiyo maana hata wewe unamjua.

Na hapa si suala la adabu tu. Katika jaribio lile la 1999 walihesabiwa watazamaji 192, na kwa jumla ya matoleo yote ya video, mengine yakiwa na sokwe na mengine na mwanamke mwenye mwavuli, asilimia 46 hawakumwona mpita njia huyo. Maana yake zaidi ya nusu walimwona. Tangazo likisema "hakuna anayeona", mtazamaji asiyepewa jina la mtafiti wala mwaka atalikagua vipi?

Chukua jaribio la Walter Mischel kule Stanford: mtoto anaachwa peke yake na kitamu, akivumilia hadi mtafiti arudi anapata viwili, akishindwa anapiga kengele. Mtu akilivalisha sura ya kwetu, mtoto na hamri moja mezani, halafu aliuze kama tangazo la akiba, ataahidi kwamba anayesubiri ndiye atakayefanikiwa. Lakini mwaka 2018 lilirudiwa kwa watoto zaidi ya 900, na uhusiano kati ya kusubiri na matokeo ya baadaye ulipungua sana hali ya familia ilipoingizwa kwenye hesabu. Mzazi wa Kongowea anayeambiwa kasoro iko kwa mwanawe ana haki ya kuyafikia masahihisho hayo. Jina la Mischel ndilo mlango.

Mtayarishaji wa video, Nyali
Hapo kwa mtoto nakubali, mwalimu.

Wakili, Treasury Square
Kisheria, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 hailindi wazo, inalinda kazi iliyotokana nalo. Ukipiga video yako kwa wachezaji wako, hujavunja hakimiliki. Ukikata kipande cha video yao ukakibandika, hiyo ni kesi nyingine: unahitaji idhini, na aliyeitunga kazi ana haki ya kutambuliwa. Tusichanganye kinachoruhusiwa na kilicho haki.

Mtangazaji wa redio, Kisauni
Redioni sekunde 30 ni kama maneno 60 ukisoma bila pupa. "Wazo la Simons na Chabris, 1999" linakula kama sekunde sita. Inawezekana. Kwenye bango la barabara ya Nyali, dereva asisomeshwe maandishi madogo. Weka chanzo kwenye ukurasa wa kampeni.

Mwalimu wa saikolojia, Tudor
Bango nakubali. Ila anayeiga bila kusoma chanzo huharibu hata mtego wenyewe. Agizo la kuhesabu lazima litangulie picha. Ukiliweka tangazo kwenye skrini isiyo na sauti pale Likoni watu wakisubiri feri, agizo halisikiki, jicho linazurura, dubu anaonekana mara moja. Andika agizo kwa herufi kubwa, liache sekunde nne, ndipo mpira uanze. Na pasi zisiwe za polepole: kazi ikiwa nyepesi, akili inabaki na nafasi ya kumwona mpita njia.

Mtayarishaji wa video, Nyali
Basi kwa fremu 25 kwa sekunde, natenga fremu 75 za mwisho, yaani sekunde tatu, kwa andiko la kutaja chanzo. Kwenye video ya wima naliinua andiko lisifunikwe na vitufe vya simu. Niandike "Imethibitishwa na Simons na Chabris"?

Mwalimu wa saikolojia, Tudor
La, hapo utawalisha maneno. Hawakupima bodaboda wala hawajalipitia tangazo lako. Andika: "Wazo limetokana na jaribio la Simons na Chabris, 1999."

Wakili, Treasury Square
Na mteja aliidhinishe andiko hilo kabla ya kupiga picha, ndani ya mkataba. Likisubiri chumba cha kuhariri ndilo la kwanza kukatwa.