Nimepata ofa ya jiwe la pesa la Yap: ninunue au niachane nalo?

Mzee_wa_Rupia: Wakuu, salaam. Nakusanya sarafu za zamani, hasa rupia na hela za Mjerumani na pesa za Sultani Barghash. Kuna jamaa mtandaoni anauza jiwe la pesa, yale ya duara yenye tundu katikati, kutoka kisiwa cha Yap huko Mikronesia. Upana wake kama kisahani cha chai, bei dola 900, anadai lina miaka zaidi ya 150. Karatasi hana, katuma picha tatu tu. Yap nayo ilitawaliwa na Mjerumani tangu 1899, kwa hiyo naona lingekaa vizuri pembeni ya rupia zangu. Mnasemaje?

BintiMkunazini: Mkuu, tulia kwanza. Yap mwamba ule haupo. Watu wa Yap walivuka bahari hadi visiwa vya Palau, zaidi ya kilomita 400, wakachonga chokaa huko na kurudi nayo kwa mitumbwi na chelezo. Jiwe hupata thamani kwa safari yake: nani alilileta, nani alifia njiani, lilitolewa kwenye ndoa gani. Makubwa hata hayahamishwi. Yanakaa palepale kando ya njia, watu wote wanajua sasa ni la nani. Mmarekani Furness aliandika mwaka 1910 kuhusu familia ambayo jiwe lao lilizama baharini zamani, na bado kijiji kizima kiliwahesabu matajiri. Wewe unauziwa kinyume chake: jiwe unalo, habari zake huna.

Fundi_Sarafu: Hiyo miaka 150 ndiyo inanitia shaka. Nahodha O'Keefe alifika Yap mwanzoni mwa miaka ya 1870, akawa anawapa wenyeji zana za chuma na kuwabebea mawe kwa meli yake, wao wanamlipa nazi kavu na majongoo ya bahari. Mawe yakawa makubwa na mengi, lakini wenyewe waliyathamini chini kuliko ya zamani yaliyochongwa kwa zana za magamba ya kombe. Omba picha ya ukuta wa ndani wa tundu, karibu kabisa, kwenye mwanga wa pembeni. Tundu lililonyooka na kulainika kama la bomba, hiyo ni drili, si kazi ya zamani.

kaka_mdogo: Si unakamulia limau tu, likitoa povu ni original? 😂

Fundi_Sarafu: Chokaa yoyote inatoa povu, hata ya Tanga. Utaharibu jiwe bure.

BintiMkunazini: Halafu kuyatoa kisiwani kunahitaji kibali. Kama ni la zamani kweli, mwulize lilitokaje.

Mzee_wa_Rupia: Nimemwuliza vyote viwili. Jibu: "Boss, jiwe ni jiwe, utachukua au nimpe mwingine?"

kaka_mdogo: Mpe mwingine 😂

Mwana_Lubumbashi: Ndugu, kama unapenda pesa zisizo sarafu, tafuta misalaba ya shaba ya Katanga. Ila hata hiyo feki zipo, nunua kwa mtu mwenye kumbukumbu ya kila kipande kilikotoka.

Mzee_wa_Rupia: Nimemwambia ampe mwingine. Mkuu wa Lubumbashi, msalaba wa kawaida una uzito gani? Nakuja PM.