Kikanembu kiandikwe kwa hati gani?

Ndugu zangu, kuna kauli inayorudiwa kila mara: eti Kikanembu, lugha ya Kanem na mwambao wa Ziwa Chad, hakina maandishi, kwa hiyo kipewe herufi za Kilatini ndipo kianze kusomwa. Naipinga, na anayeitetea ajitokeze.

Ipo misahafu ya Borno, kaskazini-mashariki mwa Nigeria ya leo, ya karne ya 17, mmojawapo una tarehe inayolingana na mwaka 1669. Aya zimeandikwa kwa hati nene, na mistari imeachiwa nafasi pana kwa makusudi. Katika nafasi hiyo zinapita tafsiri kwa hati ndogo ya mshazari, neno la Kiarabu na maana yake. Maana hizo ni za Kikanembu cha Kale, kwa herufi za Kiarabu. Mrithi wa Kikanembu hicho, lugha iitwayo Tarjumo, bado hutumiwa na mashehe wa Borno kufasiri Kurani, ingawa mzungumzaji wa kawaida wa Kikanuri, lugha ya Borno ya leo, haielewi mpaka afundishwe.

Wa upande wa Kilatini wana hoja moja nzito, nayo ni irabu. Kiarabu kina alama tatu tu za irabu fupi. Kikanuri, ndugu wa damu wa Kikanembu, kina zaidi, ikiwemo ile hafifu inayoandikwa ǝ katika tahajia iliyosanifiwa Nigeria miaka ya 1970. Waswahili tunaijua adha hiyo: katika hati zetu za zamani e na i zilitumia alama moja, o na u vilevile, msomaji akabaki kukisia. Lakini dawa ipo. Wanazuoni wa Afrika Magharibi huweka nukta chini ya herufi kuonyesha e, na alama nyingine zinaweza kukubaliwa vivyo hivyo.

Kwangu mimi, vitabu vya kwanza vya watoto wa Kanem viwe vya hati ya Kiarabu, Kilatini kifuate madarasa ya mbele. Mtoto aliyepitia chuo cha Kurani na ubao wake wa mbao tayari anazijua herufi, na Kiarabu ni lugha rasmi ya Chad pamoja na Kifaransa. Asiyepitia chuoni ataanza nyuma, nakiri, na huyo atengewe muda wa ziada.

Sasa wa Kilatini pekee anijibu: mama wa mjini Mao, huko Kanem, anayesoma msahafu kila alfajiri, kwenye takwimu za kisomo mtamwandika anajua kusoma au hajui?