Ndege Cessna 172 injini imebadilishwa bila kibali, ninunue?

mruka_chini: Wakuu habari, nimepata Cessna 172M ya 1974 iko uwanja wa Wilson Nairobi, bei chini mpaka nikashtuka. Kwenye makaratasi injini ni Lycoming O-320 ya nguvu za farasi (hp) 150, ila kufungua kava nakuta kibati kimeandikwa O-360, hiyo ni 180. Namuuliza muuzaji anasema fundi alifunga tu mbona inapanda vizuri. Karatasi hana hata moja. Nifanyeje?

spana17: Hapo mkuu huuziwi ndege, unauziwa spea. 180 kwenye 172 inaruhusiwa kabisa, zipo STC za FAA, yaani vibali vya kubadilisha ndege vya mamlaka ya anga ya Marekani, lakini inakuja na propela yake na mauntingi zake za kushikia injini, alafu uzito na balansi vinapimwa upya na yote yanaandikwa logibuku, kile kitabu cha kumbukumbu za ndege. Bila hivyo KCAA, mamlaka ya anga ya Kenya, cheti cha kuruka usahau, na bima siku ya ajali watakuuliza hiyo injini imetoka wapi.

mama_hanga: Mimi yalinikuta kwa kabureta tu jamani, fundi alitanua jeti, kile kitundu cha kupitisha mafuta, kienyeji, plagi zikawa nyeusi tii kama sufuria ya mkaa. Kurudisha kila kitu kama zamani ndege ilikaa hanga miezi 7 nalipia paking. Kama unaitaka sana lipia injinia wako mwenye leseni aikague, asiwe rafiki wa muuzaji, na bei upige kama injini haipo.

mruka_chini: Nimemuomba picha ya namba ya propela, kakata simu 😂