Zimamoto na paramediki ndani ya mtu mmoja: kazi yenyewe ikoje, na inataka nini?

Mwanagenzi22

Habari za humu wakuu. Nimeona tangazo la kazi linataka askari wa zimamoto ambaye pia ni paramediki (mtabibu wa dharura wa kwenye gari la wagonjwa) mwenye leseni. Mimi nilidhani hizo ni kazi mbili: mmoja anazima, mwingine anatibu. Naomba mwenye uzoefu anieleze, huyo mtu anashinda akifanya nini? Anahitaji vyeti gani, na nianzie wapi? Mwili ninao, nakimbia kila asubuhi. Moto siuogopi. Damu ndiyo inanipa shida kidogo, na hesabu shuleni hatukuelewana kabisa.

Kizima_Taa

Anayesema haogopi moto asipewe mpira wa maji. Mengine waje wataalamu.

Mpira_na_Dripu

Mdogo wangu, nina miaka 14 kwenye kazi hiyo hiyo, minne ya mwanzo nikiwa zimamoto mtupu. Nakuambia mapema kwamba hofu zako umezipanga kichwa chini miguu juu. Damu utaizoea ndani ya miezi miwili. Moto usiouogopa ndio utakaokuumiza. Na ile hesabu uliyoikimbia inakusubiri ndani ya mkoba wa dawa.

Zamu yetu ni saa 24. Ukiingia tu unakagua. Unafungua mtungi wa hewa, unasoma geji, unavaa barakoa, unaziba njia ya hewa na kuvuta pumzi uone kama inakung'ang'ania usoni. Ukimaliza hapo unahamia kwenye vifaa vya mgonjwa: betri ya mashine ya moyo, oksijeni, mashine ya kufyonza makohozi, tarehe za dawa kuisha. Morfini, ile dawa kali ya maumivu, tunaihesabu wawili, anayetoka na anayeingia, ampuli moja moja, na sahihi mbili. Ikipungua moja hakuna anayeondoka.

Halafu simu zinaanza, na hapo ndipo wengi hushangaa. Nyingi ni za wagonjwa: kifua kinabana, mtoto ana degedege, mzee kaanguka bafuni, mama kashikwa na uchungu. Moto wa nyumba unaweza kukaa wiki kadhaa usiuone. Kama unaingia kazini kwa ajili ya king'ora na miale, utachoka haraka kubeba watu kwenye ngazi.

Mfumo huu una sababu yake. Vituo vya zimamoto tayari vimesambazwa mjini ili gari lifike haraka, kwa hiyo ukimweka mtabibu mle, naye anafika haraka. Seattle kule Marekani walianza hivyo mwaka 1970, daktari wa moyo Leonard Cobb na mkuu wa zimamoto Gordon Vickery walipowafundisha wazimamoto kutibu mtu aliyesimama moyo palepale alipoangukia. Moyo ukisimama hausubiri hospitali.

Sasa nikuonyeshe mahali kazi hizi mbili zinapogombana mwilini mwako. Siku moja tulikuwa kwenye moto wa ghala. Nimemaliza mtungi (ule ulioandikwa dakika 30, ukifanya kazi nzito haufiki), nimevua kofia, jasho linachuruzika mpaka viganjani. Mara naitwa, mlinzi kaanguka pale nje, hapumui. Mwenzangu akaanza kubonyeza kifua, mibonyezo 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6. Mimi navua glavu nene za moto nivae za hospitali. Haziingii! Kiganja kilicholowa na glavu ile nyembamba havipatani hata kidogo. Ya kwanza ikakwama kwenye vifundo vya vidole, ya pili ikachanika. Ya tatu ikakubali nusu, nikaenda hivyohivyo na ncha za vidole zikining'inia.

Kufika kwenye mshipa, mkono unatetemeka. Woga haukuwepo, ni misuli iliyokuwa imeshika mpira wenye presha kwa muda mrefu. Kanula (kile kimrija cha kupitishia dawa kwenye mshipa) ya kwanza nikapasua mshipa, ya pili vilevile. Nikaachana na mkono, nikaingia kwa sindano ya mfupa, chini kidogo ya goti. Adrenalini, dawa ya kuusukuma moyo uliosimama, mg 1, na nyingine kila baada ya dakika 3 hadi 5, huku mashine ikituambia lini tumshtue. Mapigo yalirudi, akafika hospitali akiwa nayo. Baada ya hapo sikuwahi kuambiwa iliishaje, na mara nyingi hutaambiwa.

Tangu siku ile natembea na kitaulo kikavu ndani ya kifuko cha nailoni, mfuko wa kushoto wa koti. Wako wanaovaa glavu za hospitali chini ya zile za moto ili kuokoa muda. Usiwaige, kwenye joto zile huyeyukia ngozini.

Upande wa pili ni pale kazi hizi zinaposaidiana. Chukua mtu aliyebanwa mapaja na chuma kwa saa kadhaa. Zimamoto mtupu anataka kunyanyua haraka. Lakini msuli uliobanwa muda mrefu umeshakufa kidogo kidogo, na potasiamu imejaa humo. Ukinyanyua ghafla inakimbilia moyoni, na mtu aliyekuwa anaongea nawe anakatika mbele yako. Kwa hiyo dripu inaanza kwanza, mashine ya moyo inafungwa, ndipo jeki inapanda taratibu. Mimi niko ndani na mgonjwa chini ya blanketi la kumkinga na vioo, nawaambia walio nje "bado" au "haya". Nikisema "bado" wananisikiliza, kwa sababu wanajua hiyo jeki hata mimi naijua.

Na kuna mgonjwa usiyemfikiria, yaani mwenzako. Kwa miaka mingi kule Marekani moyo ndio umeongoza kuua wazimamoto kazini kuliko miali yenyewe. Wakitoka ndani wanakaa, wanavua koti, wanakunywa maji, mimi nawapima mapigo na presha. Mapigo yasiposhuka baada ya mapumziko, harudi ndani. Niliwahi kumkatalia bosi wangu. Alinuna siku mbili. Sikujali.

Nesi_wa_Zamu

Kaka hapo juu kaeleza vizuri, mimi niongeze ya upande wa kupokea wagonjwa. Mnapotuletea mtu aliyetoka kwenye moshi, msinisomee kile kipimo cha kidoleni kwa furaha, "dada, oksijeni 99". Moshi una kaboni monoksidi, ambayo hushika himoglobini (kibeba oksijeni cha damu) kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni, na kile kimashine cha kawaida hakijui kutofautisha. Mtu anasoma 99 huku anakosa hewa. Mpeni oksijeni nyingi bila kubishana na namba. Mkiona masizi puani, nyusi zimeungua, sauti imekuwa ya kukwaruza, njia yake ya hewa inaweza kuvimba na kuziba muda wowote. Hilo nataka kulijua kabla hamjafika mlangoni.

Faida ya paramediki wa zimamoto naiona hapohapo. Mwingine ananiambia "kaungua", basi. Yeye ananiambia: chumba kilikuwa kimefungwa, alikaa humo kama dakika kumi, kilichoungua ni godoro la sponji. Hiyo sentensi ya godoro ni dhahabu kwangu, sponji ikiungua hutoa sianidi, ambayo ni sumu kali. Daktari anaanza kuwaza haidroksokobalamini, dawa ya sumu hiyo, kabla machela haijasimama.

Ila koti la moto lenye masizi msiingie nalo kwangu, tafadhali. Wala msikae nalo kwenye gari la wagonjwa.

Mpira_na_Dripu

Dada Nesi, koti nimekubali. Mwaka 2022 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiweka kazi ya zimamoto kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani. Zamani koti jeusi lilikuwa sifa. Siku hizi anayelala na masizi tunamfukuza bwenini.

Mwanagenzi, nirudi kwenye vyeti. Masharti hutofautiana nchi na nchi, soma ya unakoomba. Kwa kawaida wanataka umri wa kuanzia miaka 18, cheti cha sekondari, leseni ya udereva, rekodi safi, macho na masikio mazima, moyo na mapafu yaliyopimwa. Kisha mtihani wa mwili. Kipimo kimoja kinachotumika sana Marekani na Kanada, CPAT, kina vituo 8 vya kumaliza ndani ya dakika 10 na sekunde 20 ukiwa na fulana ya uzito wa takriban kilo 23, na kwenye ngazi unaongezewa kilo 11 hivi. Kukimbia asubuhi kutakusaidia, lakini jifunze kukimbia ukiwa umebeba kitu. Ngazi ndizo huwaangusha wakimbiaji.

Mafunzo ya zimamoto ni ya miezi: mpira, ngazi, kutafuta mtu kwenye giza, kemikali, kukata magari. Uparamediki ndio mrefu. Marekani unaanza na ngazi ya msingi ya huduma ya dharura, kisha saa elfu na zaidi za darasa, wodi na gari la wagonjwa, halafu mtihani wa leseni, na cheti cha kitaifa kinahuishwa kila baada ya miaka 2. Uingereza huko mambo ni tofauti: kwa kawaida gari la wagonjwa na zimamoto ni idara mbili, na huruhusiwi kujiita paramediki mpaka uwe kwenye daftari la HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa afya. Sehemu nyingi utafanya kazi chini ya itifaki zilizosainiwa na daktari. Dawa hutoi kwa hisia zako.

Kitu ambacho tangazo halikuandika ni kalamu. Kila mgonjwa ana ripoti: saa ngapi ulifika, ulikuta nini, ulitoa nini, kiasi gani, ilifanya nini. Nimeziandika saa kumi usiku nikinuka moshi, na zimesomwa na wanasheria.

Mwanagenzi22

Asanteni sana, nimejifunza kuliko nilivyotegemea. Sasa nianze na kipi, zimamoto au uparamediki?

Mpira_na_Dripu

Idara nyingine zinakuajiri zimamoto kisha zinakusomesha, na ukipata hiyo usiiache. Ukiwa unajilipia, mimi ningeanza na ile ngazi ya msingi ya dharura, nikae mwaka mmoja kwenye gari la wagonjwa. Ni ya muda mfupi, na itakujibu lile swali la damu kabla hujatumia miaka. Mimi nilianza na moto, nikajikuta najifunza mishipa nikiwa na familia na zamu za usiku. Sikushauri.

Na hesabu tuijaribu hapahapa. Adrenalini ni dawa moja lakini huja kwa namna mbili: kuna ampuli ya mg 1 ndani ya mililita 1, na kuna mg 1 ndani ya mililita 10. Mtoto wa kilo 15 amesimama moyo, dozi ni mg 0.01 kwa kila kilo. Umeshika ile ya mililita 10. Unavuta mililita ngapi?

Mwanagenzi22

0.01 mara 15 ni 0.15. Navuta 0.15.

Nesi_wa_Zamu

0.15 ya nini, mdogo wangu? Hizo ni miligramu. Kwenye sindano kumeandikwa mililita. Ukivuta 0.15 hapo umempa mtoto sehemu moja ya kumi ya dawa yake.

Mwanagenzi22

Dah. Mililita 10 zina mg 1, kwa hiyo mililita 1 ina mg 0.1. Basi ni mililita 1.5.

Mpira_na_Dripu

Sawasawa. Sasa tafuta jengo lenye ngazi, beba begi la kilo 20, panda ghorofa ya sita bila kupumzika. Ukifika juu fanya ya mtoto wa kilo 12, kwa kichwa, pumzi zikiwa bado juu. Uje utuambie umepata ngapi.

Kizima_Taa

Nimejaribu nikiwa nimekaa kwenye kochi, nimepata mbili tofauti.