Kumtembelea mume Detroit huku ombi la viza ya uhamiaji likiwa bado linashughulikiwa

BintiKisauni aliuliza:

Assalaam alaykum, na salamu kwa wote. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, raia wa Kanada, na ninafanya kazi ya uuguzi hapa Windsor, Ontario. Mume wangu, ambaye kwao pia ni Mombasa, ni raia wa Marekani na anaishi Detroit, ng'ambo ya mto tu. Nikisimama ukingoni upande wetu nayaona majengo ya mji wake. Tulifungishwa ndoa na kadhi nyumbani, naye amekwisha kuwasilisha fomu ya I-130 ili nipate viza ya mke wa raia. Risiti tumeipata, ila tumeambiwa kwamba kungoja ni kwa miezi mingi na huenda mwaka ukapita.

Ningependa kuvuka kwa siku chache wakati wa Idi, kisha nirudi kazini. Ushauri ninaopewa ndio unaonichanganya. Mjomba wa mume wangu anasema nisikanyage Marekani mpaka viza itoke, la sivyo nitaharibu ombi. Rafiki yangu anasema nivuke, lakini nikiulizwa nijibu kwamba ninakwenda madukani. Shemeji naye haoni kwa nini nisivuke nikabaki hukohuko na kuomba ukaazi nikiwa ndani. Naomba kuelezwa na waliopitia njia hii: je, sheria inaniruhusu kumtembelea, na mpakani nitatakiwa kuonyesha nini?

MzeeWaBuffalo alijibu:

Waalaykum salaam, dada. Mjomba amekosea, na rafiki amekosea vibaya zaidi. La shemeji nawaachia wengine.

Nimefanya kazi ya ukarani kwa miaka mingi katika ofisi ya mwanasheria wa uhamiaji, na swali hili tunaletewa kila mara. Hakuna kifungu kinachomkataza mtu aliyeombewa kwa I-130 kuingia Marekani kama mgeni. Raia wa Kanada kwa kawaida hahitaji viza ya matembezi. Afisa wa mpakani ndiye anayeamua papo hapo, na akiridhika anaweza kumruhusu mgeni akae hadi miezi 6. Ugumu uko kwingine. Kifungu 214(b) cha sheria ya uhamiaji kinamhesabu anayeomba kuingia kuwa ni mhamiaji mpaka yeye mwenyewe aonyeshe kwamba sivyo, na katika habari yako tayari serikali ina karatasi inayosema kwamba unakusudia kuhamia. Kusudio hilo huwezi kulikana, wala huna haja ya kulikana. Unachotakiwa kuonyesha ni kwamba utahamia kwa viza, siku itakapotoka, na kwamba safari hii ya Idi ni ya matembezi yenye tarehe ya kurudi.

Kwa hiyo yatie maisha yako ya Windsor katika bahasha moja: barua ya karibuni kutoka hospitalini kwako inayotaja cheo chako, siku za likizo na zamu utakayorudi kuingia, mkataba wa nyumba, bili za karibuni zenye jina lako, hati za malipo ya mshahara, na nakala ya risiti ya I-130. Usimsukumie afisa bahasha yote dirishani, bali ngoja aulize, kisha toa kile alichokiuliza. Akitaka kujua unakwenda kwa nani, jibu kwamba unakwenda kwa mume wako. Akiuliza kama mume amekwisha kukuombea, jibu ndiyo, na umweleze kwamba mahojiano yako yatafanyika Montreal, kwa sababu wakazi wote wa Kanada wanaoomba viza za uhamiaji za Marekani huhojiwa katika ubalozi mdogo wa huko. Jibu hilo lina uzito kuliko linavyoonekana, kwani linamwonyesha afisa kwamba njia uliyoichagua ndiyo inayokulazimu kurudi Kanada.

Sasa hilo la madukani. Anayesema uongo kuhusu jambo la msingi ili aruhusiwe kuingia anaweza kufungiwa mlango wa Marekani maisha yake yote chini ya kifungu 212(a)(6)(C). Marufuku hiyo haiishi kwa kupita kwa miaka, bali huondolewa kwa msamaha maalumu unaoombwa kwa gharama na kwa ushahidi mzito. Na huo uongo wenyewe ungekuwa wa kuficha ndoa iliyokwisha kuandikwa katika mafaili ya serikali hiyohiyo. Ikiwa kuna kitu kitakacholiharibu ombi lenu, ni huo uongo. Matembezi hayana kosa.

MamaWaLikoni alijibu:

Nyongeza yangu ni kuhusu buti la gari. Jamaa yangu mmoja alivuka kwa Daraja la Ambassador akiwa na mashuka mapya, sufuria za kila ukubwa, nguo za baridi na za joto, na mbuzi ya kukunia nazi. Aliitwa ndani kwa ukaguzi wa pili. Afisa aliitoa ile mbuzi, akaigeuzageuza, akagusa meno yake kwa kidole, akauliza kama ni kiti au ni silaha. Alipoelezwa kwamba ni chombo cha jikoni, akauliza ni matembezi gani hayo ambayo mtu anahama na jiko lake. Siku ile hakuvuka.

Alibahatika kwa sababu aliruhusiwa kuliondoa mwenyewe ombi lake la kuingia, akatia saini na kugeuza gari. Kuondoa ombi hakuleti marufuku ya miaka, ingawa kumbukumbu hubaki. Lakini afisa huyohuyo ana mamlaka ya kutoa amri ya kuondolewa kwa haraka, na hiyo humzuia mtu kurudi kwa miaka 5. Ukiona mambo yamekwenda kombo, usibishane; omba kwa adabu uruhusiwe kuliondoa ombi lako la kuingia.

Simu pia hukaguliwa, mwanangu. Ujumbe wa mzaha kama «nikifika sirudi tena» hautasomwa kama mzaha, na msidhani Kiswahili kitawaficha.

MkaaziWaHamilton alijibu:

Ningependa wasomaji wengine waelewe kwamba majibu haya yanamfaa dada kwa sababu ana pasipoti ya Kanada. Mimi ni mkaazi wa kudumu wa Kanada, lakini pasipoti yangu ni ya Kenya, na kwa watu wa aina yangu mambo ni tofauti kabisa. Sisi tunahitaji viza ya matembezi, na fomu yake, DS-160, inauliza wazi kama kuna mtu aliyewahi kuwasilisha ombi la uhamiaji kwa ajili yako. Jibu la kweli ni ndiyo. Nililiandika hivyo, na nikanyimwa viza kwa kifungu hichohicho cha 214(b).

Tulichofanya ni kugeuza safari. Mke wangu ana grini kadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu wa Marekani, na pasipoti ya Kenya, na hizo mbili, zikiwa hazijaisha muda, zinamtosha kuingia Kanada bila viza ya matembezi, kwa hiyo yeye ndiye anayevuka Rainbow Bridge pale Niagara. Kwa mumeo, ambaye ni raia wa Marekani, ni rahisi zaidi: pasipoti yake inatosha. Sisemi usivuke, dada, ila Idi moja Detroit na nyingine Windsor ni mpango unaopunguza maswali, kwa kuwa maafisa hutazama pia mwenendo wa safari zako, na anayeonekana kukaa Marekani kuliko Kanada huanza kuulizwa anaishi wapi hasa.

MvukaMto alijibu:

Kuhusu wazo la shemeji: ni kweli kwamba mke wa raia aliyeingia kihalali anaweza kuomba ukaazi akiwa ndani kwa fomu ya I-485. Lakini anayejieleza mpakani kuwa ni mgeni huku moyoni amekwisha kuamua kubaki amemdanganya afisa, na nia ya siku ile ya kuingia ndiyo inayopimwa. Isitoshe, ukiwasilisha fomu hiyo huwezi kufanya kazi mpaka upewe kibali, na ukitoka nchini bila ruhusa ya kusafiri unahesabiwa kuwa umeliacha ombi. Kwa muuguzi mwenye ajira Windsor, sioni faida yake.

Kama siku moja utataka kukaa muda mrefu, kumbuka kwamba tangu tarehe 11 Aprili 2025 raia wa Kanada anayekaa siku 30 au zaidi, naye hakupewa I-94, yaani kumbukumbu rasmi ya kuingia nchini, anatakiwa kujiandikisha serikalini. Kwa siku chache za Idi halikuhusu.

BintiKisauni aliuliza tena:

Nawashukuru sana. Barua ya kazi nimekwisha kuiomba, na mbuzi yangu itabaki kabatini. Nina swali moja: nikirudishwa licha ya kusema kweli, je, Montreal watanikatalia viza kwa sababu hiyo?

MzeeWaBuffalo alijibu:

Kurudishwa kwa sababu tu afisa hakuridhika kwamba utarudi Kanada hakukuzuii kupata viza ya mke, dada, kwani huyo wa Montreal hakutarajii uwe na nia ya kurudi. Yeye anapima kama ndoa ni ya kweli, kama mumeo ana kipato cha kukudhamini, na kama huna kizuizi kingine cha kisheria. Ila fomu ya DS-260, yaani ile ya kuombea viza ya uhamiaji, itakuuliza kama umewahi kukataliwa kuingia au kuondoa ombi lako mpakani. Jibu ndiyo, taja tarehe na mpaka, na karatasi yoyote watakayokupa siku hiyo ihifadhi pamoja na cheti cha ndoa.