Ushauri: Kuwinda elki na kulungu kwa vibali vya droo, milima ya San Juan, Colorado

Kibanga_Aurora
Wakuu, habari za majukumu. Naomba ushauri kwa waliotangulia. Niko Aurora, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikusanya pointi za droo, yaani bahati nasibu ya jimbo ya vibali, ambapo ukikosa unapewa pointi ya kukutanguliza mwakani: za elki, yule wa jamii ya kulungu aliye mkubwa sana, na za wale kulungu wa masikio makubwa kama ya punda. Mwaka huu nataka kuzitumia zote. Jicho langu liko eneo la uwindaji namba 76, Rio Grande ya juu, karibu na Creede. Maombi yanafungwa mapema Aprili, kwa hiyo muda umebaki mfupi.

Nia ni kuingia ndani ya pori la Weminuche kwa miguu, mbali na barabara. Tutakuwa wawili, mimi na mdogo wangu. Mimi nina ukaazi wa kudumu, yeye yuko kwa viza ya masomo. Niombe msimu upi ili wanyama wote wawili niwatafute kwa safari moja? Tuingie umbali gani? Halafu sisi ni Waislamu, na nyama hii ni ya kuliwa nyumbani na kugawiwa majirani. Mnyama aliyepigwa risasi kwa mbali hukumu yake ikoje? Natanguliza shukrani.

MzeeWaDurango
Mdogo wangu, anza na msimu. Wa kwanza wa bunduki, katikati ya Oktoba, ni wa elki peke yake. Elki na kulungu wanakutana msimu wa pili, mwishoni mwa Oktoba, na wa tatu, Novemba. Mimi ningeomba wa pili. Theluji nzito ikishuka kulungu wanahama kwenda mabondeni, wakati madume ya elki bado yameng'ang'ania juu. Ukichelewa utajikuta unawinda milima miwili tofauti.

Kila kibali kina msimbo wake: herufi ya mnyama, jinsia, namba ya eneo, msimu, silaha. Misimbo yako miwili iwe imetofautiana herufi ya kwanza tu, E ya elki na D ya kulungu. Watu hupata elki msimu wa pili na kulungu msimu wa tatu, na ruhusa ya kazini wanayo moja. Kumbuka pia ukipata chaguo lako la kwanza, pointi zako za mnyama huyo zinarudi sifuri.

Sasa umbali. Hapa ndipo nataka unisikilize sana. Usipange kwa kuangalia wanyama walipo, panga kwa kuangalia nyama itatokaje. Dume la elki hufika kilo 300. Ukishatoa mifupa yote, nyama inaweza kuzidi kilo 90. Mzigo wa kilo 30 mgongoni kwenye mteremko wa mawe ni mzito, na kwa mtu mmoja hiyo ni mizigo mitatu au minne, pembe hujazibeba. Ukiwa kilomita tano ndani, mizigo minne ni kilomita 35 za kwenda na kurudi. Hujamgusa kulungu bado! Weminuche ni pori la hifadhi ya asili, hakuna gari, hakuna baiskeli, hata mkokoteni wa magurudumu hauruhusiwi. Kwa watu wawili wasio na farasi, kilomita tatu kutoka njia kuu zinatosha.

Nyikani
Mzee nakuheshimu, ila kilomita tatu ndiko waliko wawindaji wote. Elki wanajua. Bora atafute mtu wa farasi wa kumtolea nyama, aongee naye mapema kabla ya msimu, sio siku mnyama amelala chini. Awe mtoa huduma aliyesajiliwa na jimbo, maana Colorado inataka usajili.

MzeeWaDurango
Hapo sipingi, farasi wakiwepo hesabu inabadilika. Lakini hata farasi hawaji saa ile ile. Nyama ya elki huanza kuharibikia kwenye mfupa wa paja, hata usiku wa baridi, kwa sababu ngozi ile nene inashika joto. Mchune mara moja. Mlaze ubavu, tanua ngozi kuanzia mgongoni, toa mguu wa mbele kwanza. Bega halina kiungo cha mfupa kwa mfupa, kisu kinapita kwenye nyama tu. Kisha paja, kisha sarara, halafu mgeuze. Kila kipande kwenye mfuko wake wa kitambaa, kitundike kivulini kipigwe na upepo. Na alama ya jinsia, yaani kiungo kinachoonyesha ni dume au jike, ibaki imeshikamana na nyama, ndivyo kanuni inavyotaka.

DadaNeema
Kaka Kibanga, la mdogo wako lisipite hivi hivi. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu mwenye viza ya muda kushika bunduki au risasi, isipokuwa kama ana leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Kubeba nyama abebe. Bunduki asiishike hata kwa dakika moja wakati wewe unafunga kamba za viatu, mpaka awe na leseni yake. Muulizeni wakili wa uhamiaji kabla ya safari, viza yake ina thamani kuliko pembe.

AbuSwafiya
Assalaam aleikum. Kuhusu hukumu: msingi ni hadithi ya Adiy bin Hatim, sahaba aliyemuuliza Mtume kuhusu kuwinda: kilichotoboa kwa ncha kinaliwa, kilichoua kwa ubapa na uzito hakiliwi. Wanazuoni wengi wa sasa wanaihesabu risasi kuwa inatoboa. Taja jina la Allah unapofyatua. Ukimfika akiwa bado na uhai wa kutulia, yaani bado yu hai kweli na si kutapatapa kwa kukata roho, mchinje. Ukimkuta amekwisha kufa kwa risasi hiyo, ni halali. Kwa hiyo usipige mbali kiasi cha kushindwa kumfikia haraka, na kisu kiwe kiunoni, si ndani ya begi.

Kibanga_Aurora
Shikamoo mzee, na ahsanteni nyote. Nitaomba msimu wa pili kwa wote wawili, na kesho naanza kutafuta mtu wa farasi. Dogo atabeba tu. Mpango ni elki kwanza, kulungu akitokea njiani tukiwa tunashuka. Kuna kingine cha kujiandaa?

MzeeWaDurango
Marahaba. Mapafu. Aurora uko kama mita 1,600, Creede ni 2,700, na Weminuche kwa wastani ni mita 3,000. Fikeni mapema mlale Creede kwanza. Mwenye kichwa kinachouma na kutapika anateremshwa siku hiyo hiyo. Cheti cha mafunzo ya uwindaji muwe nacho, na nguo za rangi ya chungwa juu ya kiuno. Bebeni kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, simu huko haishiki.

Mwisho, kule kuna musi pia, yule mkubwa mweusi wa pua iliyoning'inia. Kila mwaka Colorado kuna mtu anampiga akidhani ni elki. Na kwa elki dume, maeneo mengi yanataka pembe moja iwe na ncha nne, au ile ncha ya juu ya jicho ifike inchi tano. Soma kitabu cha kanuni cha mwaka huu, ukurasa wa eneo lako, ujue 76 inataka nini. Kama hujaihesabu pembe kwa darubini, kidole kisiguse kifyatulio.