Tupeane uzoefu: umewahi kuondoka ghafla wikendi ukaenda mji wa Ulaya usiotajwa sana?

Mzizima

Wakuu, habari za wikendi. Huu uzi ni wetu tunaoishi huku kwa masomo au kazi. Paris na Roma zimeshasimuliwa vya kutosha. Natafuta ile safari ya ghafla: Ijumaa usiku mnaamua, Jumamosi alfajiri mko kituoni, na mji wenyewe ukiutaja nyumbani hakuna aliyewahi kuusikia.

Naanza mimi. Nasoma Dresden. Tulikuwa jikoni tunapika ugali, mwenzetu mmoja akasema kesho twende Görlitz. Wote tunayo ile tiketi ya mwezi ya Ujerumani nzima, iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49 na tangu hapo imepanda. Haikubaliki kwenye treni za mwendo kasi, ila Görlitz unafika kwa treni ya kawaida ya mkoani, saa moja na nusu hivi.

Ule ni mji wa mwisho kabisa mashariki mwa Ujerumani. Baada ya vita, mwaka 1945, mpaka ulichorwa juu ya mto Neisse, na mitaa ya ng'ambo ikawa mji mwingine, Zgorzelec, Poland. Daraja la zamani lililipuliwa vita vilipokuwa vinaisha, na la sasa la waenda kwa miguu likafunguliwa 2004. Unavuka mara moja tu, bei zinageuka kuwa zloty, hela ya Poland. Tulikula ng'ambo kwa sababu ni nafuu, tukarudi kulala upande huu.

Mabomu hayakuugusa sana, kwa hiyo majengo ya karne na karne yamesimama yote, kama 4,000 yamo kwenye orodha ya urithi. Lakini kilichonishika ni mlango mmoja pale Untermarkt, uwanja wa soko wa zamani. Tao lake la jiwe lina mfereji uliochongwa toka nguzo hadi nguzo. Ukinong'ona huku, aliyetega sikio kule anakusikia vizuri, na anayepita katikati hasikii kitu. Tulikaa pale muda mrefu tukinong'onezana Kiswahili, watu wakisubiri zamu.

Bint Forodhani

Asalaam aleikum. Wangu ni Trieste, Italia, kule kwenye pembe ya mpaka wa Slovenia. Nipo Padova, treni ni saa mbili na kitu. Niliondoka peke yangu na kibegi kimoja kwa sababu nilikuwa nimeikumbuka bahari mno.

Dada zangu, nisikilizeni. Trieste kuna ufukwe wa manispaa unaitwa La Lanterna, wenyeji wanauita Pedocin, na katikati una ukuta mweupe unaoingia hadi majini. Wanaume upande mmoja, wanawake na watoto upande wa pili, na upande wetu ndio mkubwa. Upo hivyo toka 1903, na wenyeji hawataki ukuta uondolewe. Kiingilio ni hela ndogo sana. Tangu nitoke Unguja sikuwahi kuogelea nikiwa na raha namna ile. Kila mtu kavaa apendavyo, mabibi wanacheza karata kwenye kokoto, wengine wamelala, hakuna anayekukodolea macho. Bibi mmoja alinisogezea taulo lake nikae kivulini na hatukuwa na lugha moja hata ya kusalimiana.

Jioni nenda uwanja mkuu, Piazza Unità d'Italia. Pande tatu ni majumba ya enzi za Austria, upande wa nne ni bahari tupu. Mji ule ulikuwa bandari huru ya Austria toka 1719, na kahawa imeshushwa pale vizazi na vizazi. Wana namna yao ya kuagiza: ukitaka kikombe kidogo cheusi sema "nero", ukitaka yenye maziwa kidogo ndani ya bilauri sema "capo in B".

Tahadhari ni upepo wao, Bora. Unashuka toka milimani kwa ghafla. Zamani walifunga kamba mitaani watu wajishikilie. Jumapili ulinikuta kidogo tu, na mtandio nilibaki nimeukamata kwa mikono miwili hadi kituoni.

Kijana wa Bukavu

Ndugu zangu, mimi niko Brussels. Nilienda Luxembourg, jiji lenyewe. Toka 29 Februari 2020 usafiri wa umma nchi nzima ni bure: basi, tramu, hata treni daraja la pili. Unalipa nauli ya Ubelgiji hadi mpakani tu. Kuna lifti ya kioo inayopanda toka bonde la Pfaffenthal hadi mji wa juu, nayo ni bure. Nilipanda na kushuka na watoto mpaka wakachoka wao. Chakula ndicho ghali, bebeni chenu.

Mama Kisauni

Sisi wa Uingereza msitusahau. Kibali changu cha hapa hakinivushi kwenda kwenu bila viza, na viza haiombwi Ijumaa usiku. Kwa hiyo nilitoka Leeds nikaenda Durham. Kanisa kuu lilianza kujengwa 1093, liko juu ya kilima na mto umelizunguka. Mlangoni kuna kishikio cha shaba chenye uso wa mnyama. Hicho ni nakala, cha asili kimehifadhiwa ndani. Zamani mtu aliyekimbia kuuawa alikigonga, akafunguliwa, akapewa hifadhi ya siku 37. Nilisimama hapo nikawawaza watu wetu wengi waliogonga milango ya nchi za watu.

Mzizima

Mama, shukrani kwa hilo, limeniingia.

Kwa wenye kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen, yaani zile za Ulaya zilizokubaliana kuondoa ukaguzi wa mipaka kati yao: mnaruhusiwa kutembea nchi nyingine za eneo hilo hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Bebeni pasipoti na kadi yenyewe, picha ya kwenye simu haitoshi, maana ukaguzi mipakani umerudi sehemu nyingi. Romania na Bulgaria nazo zimeingia kikamilifu toka 1 Januari 2025. Aliyefika Plovdiv (Bulgaria) au Timișoara (Romania) atuwekee nauli na mahali pa kulala.